Kusoma Muhula Mmoja Ng'ambo: Jinsi ya Kuamua Kama Uende, na Uende Wapi

Maneno "kusoma nje" hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana, na sehemu kubwa ya mkanganyiko unaowasumbua wanafunzi na wazazi wao huanzia hapo. La kwanza ni kuhamia nchi nyingine kuchukua shahada nzima, tangu mwaka wa kwanza hadi kuhitimu. La pili ni safari ya wiki chache, mara nyingi wakati wa likizo, pamoja na mwalimu wa chuo chako na kundi la wenzako. La tatu, ambalo ndilo linalozungumziwa hapa, ni kuondoka chuoni kwako kwa muhula mmoja au mwaka mmoja, kusoma katika chuo cha nchi nyingine, kisha kurudi kumalizia shahada uliyoianza. Mtu anayekuambia kwamba vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada anazungumzia jambo la kwanza, na anayekuambia kwamba viza haikumsumbua hata kidogo huenda anazungumzia la pili. Wewe unayewaza la tatu unabaki na ushauri wa watu wawili ambao hakuna kati yao aliyekuwa akiizungumzia safari yako.

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani kilimruhusu mwalimu wake wa Kifaransa, Raymond Kirkbride, kuvuka bahari na wanafunzi wanane waliokuwa wakiingia mwaka wa tatu. Walinolewa lugha katika mji wa Nancy, wakaendelea na masomo Paris, na mwaka wao huo ukahesabiwa katika shahada zao. Watu walikuwa wakisafiri kwenda kutafuta elimu katika nchi za wengine karne nyingi kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni ahadi kwamba masomo yaliyofanyika mbali yataandikwa katika daftari la nyumbani. Mpango wa Erasmus wa Ulaya, ulioanza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, ulijengwa juu ya ahadi hiyohiyo, na tangu 2015 umekuwa ukiwapokea pia wanafunzi wa vyuo vilivyo nje ya Ulaya. Mwanafunzi anayeielewa ahadi hiyo, pamoja na mahali inapoweza kuvunjika, ameshaelewa zaidi ya nusu ya jambo lote.

Kwa sababu hiyo nashauri ramani ya dunia iwekwe kando kwanza. Karatasi ya kuanzia ni orodha ya kozi zilizobaki katika shahada yako.

Krediti, na dirisha lisiloingia ukutani

Krediti ni kipimo cha kazi ambayo kozi inamtaka mwanafunzi aifanye: mihadhara, kujisomea, maabara, mazoezi na mtihani, vyote vikijumlishwa. Kila mfumo una kipimo chake. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vya Ulaya, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni sawa na kazi ya saa 25 hadi 30. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwaka ni krediti 30 hivi, na shahada ya miaka minne ni krediti 120. Nchini Uingereza krediti 120 ni za mwaka mmoja tu. Mwanafunzi wa Marekani aliyezoea kuchukua krediti 15 kwa muhula, akifika Ulaya akajiandikisha krediti 15 za huko, atajiona ametimiza wajibu wake, kumbe amechukua nusu ya mzigo, kwa maana krediti mbili za Ulaya kwa kawaida huhesabiwa kuwa moja ya kwao. Anaweza kuligundua hilo anaporudi, wakati ambapo hakuna tena la kufanya.

Hata hivyo idadi ya krediti ni sehemu rahisi. Penye ugumu ni swali la pili, ambalo wengi hawaliulizi: krediti hizo zitakubaliwa kama nini? Ifikirie shahada kama nyumba ambayo kuta zake zimeshasimama na nafasi za madirisha zimeshaachwa. Unakwenda kwa fundi wa mbali na kurudi na dirisha zuri, la mbao imara, lililokugharimu fedha na muda. Kama hukumpelekea fundi vipimo vya nafasi iliyoachwa, dirisha hilo litaegemezwa nje ya ukuta. Ni dirisha halali, hakuna anayelikataa, ila halizibi pengo. Ndivyo ilivyo kwa kozi. Chuo chako kinaweza kuitambua kozi uliyoisoma ng'ambo, kikakupa krediti zake, na bado kozi ya lazima ambayo ulidhani umeimaliza ikawa inakusubiri kama ulivyoiacha, kwa sababu ile ya ng'ambo imewekwa katika fungu la kozi za hiari. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "krediti zote zinakubalika" bado hajakujibu. Muulize zinakubalika badala ya kozi gani, na uombe jibu kwa maandishi.

Swali la tatu linahusu alama. Nchini Ufaransa kazi husahihishwa kwa alama 0 hadi 20. Kumi ni kufaulu, na mwanafunzi aliyepata 14 ana haki ya kufurahi. Italia husahihisha kwa 30, na 18 ndiyo alama ya chini ya kufaulu. Ujerumani mambo hugeuka kichwa chini miguu juu: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Uingereza mtu aliyepata 70 yuko katika daraja la kwanza, ilhali katika mifumo mingine alama 70 ni ya kawaida kabisa. Ofisi ya nyumbani isiyo na jedwali la kubadilishia alama inaweza kuichukua 14 ya Ufaransa, ikaipiga hesabu ya asilimia, na kuandika alama ya wastani kwa mwanafunzi aliyefanya vizuri. Vyuo vingine huepuka tatizo hili kwa kuandika tu kwamba mwanafunzi amefaulu, bila kuziingiza alama zenyewe katika wastani wake. Utaratibu huo humlinda anayeogopa kuharibu wastani, na humnyima faida aliyetarajia kuupandisha. Ni muhimu kujua chuo chako kinafuata upi kabla ya kuchagua kozi ngumu au nyepesi.

Mkataba wa masomo ukiwa mezani

Majibu ya maswali hayo matatu hukutana katika karatasi moja, ambayo katika mpango wa Erasmus huitwa mkataba wa masomo na ambayo vyuo vingine vinayo kwa majina mengine. Upande mmoja zimeorodheshwa kozi utakazosoma ng'ambo, kila moja na namba yake na krediti zake. Upande wa pili ziko kozi za nyumbani ambazo hizo zitachukua nafasi yake. Chini kuna sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Wanafunzi wengi huijaza haraka kama fomu nyingine yoyote, ilhali hiyo ndiyo ile ahadi ya 1923 katika umbo la karatasi.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa tatu, mwenye kozi tano katika mkataba wake. Wiki ya kwanza anagundua kwamba mbili kati yake zinafundishwa saa ileile ya Jumanne asubuhi. Ya tatu, ambayo maelezo yake aliyasoma kwa Kiingereza, inafundishwa kwa lugha ya nchi. Kilichotafsiriwa kilikuwa maelezo tu. Amebaki na kozi tatu, na muda wa kubadilisha ni wiki chache za mwanzo wa muhula. Kama ana akili ya kujiandaa, tayari alishaomba nyumbani idhini ya kozi mbili au tatu za akiba, na analolifanya ni kumwandikia mratibu wake barua pepe, kuambatisha muhtasari wa kozi mpya, na kuhifadhi jibu analoletewa. Kama hakujiandaa, anajiandikisha kozi yoyote yenye nafasi ili mradi krediti zitimie, na hapo anatengeneza dirisha lisilo na ukuta. Mabadiliko ya namna hii hutokea mara nyingi kiasi kwamba ni busara kuyahesabu kama sehemu ya safari tangu mwanzo.

Mfano huohuo unatusaidia kuipima dhana iliyoenea sana, kwamba anayekwenda ng'ambo huchelewa kuhitimu. Wapo wanaochelewa, lakini chanzo chake hujulikana mapema. Kozi nyingi za shahada zimefungamana kama mnyororo: ya pili haisomwi bila ya kwanza, wala ya tatu bila ya pili. Ikiwa kozi ya ekonometriki hutolewa chuoni kwake mara moja tu kwa mwaka, katika muhula wa pili, na yeye akasafiri muhula huo bila kupata inayolingana nayo, basi ataisubiri mwaka mzima, na kila kozi iliyo nyuma yake itasubiri pamoja naye. Angesafiri muhula wa kwanza, wenye kozi nyingi za hiari, asingepoteza hata siku moja. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye busara huanza mapema kuzitunza kozi za hiari kama akiba, badala ya kuzimaliza zote mwaka wa kwanza kwa sababu ni nyepesi. Kozi ya hiari ndiyo pesa taslimu ya safari hii, kwa sababu hukubali karibu chochote kilichosomwa vizuri.

Nani anamlipa nani

Kuna njia kuu tatu za kwenda, na tofauti yake kubwa iko mfukoni. Katika mabadilishano, vyuo viwili vimekubaliana kupokeana wanafunzi: unaendelea kulipa ada chuoni kwako, na chuo mwenyeji hakikutozi. Katika njia ya pili unajiandikisha mwenyewe kama mwanafunzi mgeni na kulipa ada ya chuo mwenyeji, ambayo inaweza kuwa ndogo kuliko ya kwenu au kubwa mara nyingi zaidi. Katika ya tatu unapitia shirika la kati linalokupangia masomo, malazi na matembezi kwa bei moja ya jumla. Huduma hiyo ina thamani kwa mtu asiye na wa kumwongoza, lakini ni lazima kuomba mchanganuo wa bei ili kujua unacholipia.

Mabadilishano yanafanana na kubadilishana viti: mmoja akiinuka kwenda kwao, mwingine anakuja kukaa pake. Viti hivyo vina idadi, na idadi hiyo hutegemea pande zote mbili. Chuo kimoja katika jiji linalojulikana duniani kote kinaweza kuwa na viti viwili vinavyogombewa na watu arobaini, huku chuo kingine, chenye idara nzuri kuliko hicho katika fani yako, kikikaa na viti vitupu kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia jina la mji wake. Mwanafunzi anayeomba orodha kamili ya vyuo rafiki na kuisoma yote hadi mwisho, bila kurukia majina anayoyajua, huwa ameshawatangulia wenzake.

Hapa ndipo dhana kwamba masomo ya ng'ambo ni ya watoto wa matajiri inapohitaji kurekebishwa bila kuidharau. Ni kweli kwamba ada inaweza isiongezeke hata kidogo. Ni kweli pia kwamba ada sio gharama pekee, na zile nyingine hutangulia mbele ya ufadhili wowote: tiketi ya ndege, viza, bima ya afya, amana ya chumba, na pango la miezi ya mwanzo. Kwa viza ya mwanafunzi, Uingereza hutoza mchango wa huduma za afya wa pauni 776 kwa mwaka. Marekani ina ada ya usajili inayolipwa kabla ya ile ya viza: dola 220 kwa wengi wanaokwenda chini ya mipango ya mabadilishano, na dola 350 kwa wenye viza ya kawaida ya masomo. Ujerumani, tangu 2024, humtaka mwombaji wa viza ya masomo aoneshe uwezo wa kujikimu wa euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi, na njia iliyozoeleka ni kuziweka katika akaunti iliyofungwa ambayo humruhusu kutoa kiasi cha mwezi tu. Fedha hizo ni zako na utazila mwenyewe, kwa hiyo kuziita ada ni kosa. Lakini kwa familia isiyo nazo mkononi kwa wakati mmoja, ufafanuzi huo haupunguzi ukubwa wa ukuta. Anayepata ufadhili aulize kama barua ya ufadhili inakubalika badala ya akaunti hiyo, kwa sababu mara nyingi inakubalika. Viwango vya aina hii hubadilika, na kiwango cha kutegemea ni kile kilichotangazwa na ubalozi wakati unapojaza fomu.

Wengine hujipa moyo kwamba watafanya kazi wakiwa huko. Sheria huruhusu kiasi tu. Japani ni saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali maalumu; Marekani ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula; Ujerumani ni siku kamili 140 kwa mwaka. Na hata pale inaporuhusiwa, mshahara wa kwanza huja baada ya pango la kwanza, na ubalozi hautoi viza kwa hesabu ya kazi ambayo bado hujaipata. Kazi ya muda inaweza kulipia nauli ya basi na matembezi ya mwisho wa wiki. Bajeti inayoitegemea ili usile kwa kukopa ni bajeti ambayo haijakamilika.

Ufadhili nao una kanuni moja ambayo haisemwi vya kutosha: uliza kama ule ulionao nyumbani unasafiri. Kuna mikopo na misaada inayoendelea kulipwa ukiwa chuo kingine kwa sababu bado umesajiliwa kwenu, na kuna inayokatika siku unapoondoka. Jibu la swali hilo linaweza kuamua safari yote, na linapatikana kwa kutembea hadi ofisi moja.

Uende wapi

Baada ya hayo ndipo ramani ifunguliwe, na hata hapo kitu cha kwanza cha kutazama ni kalenda. Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili. Australia huanza Februari au Machi, na muhula wake wa pili huanza Julai au karibu na hapo. Ujerumani, muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba na mihadhara yake huvuka hadi Februari. Mwanafunzi ambaye chuo chake cha nyumbani kinafungua muhula wa pili mwezi Januari hawezi kufanya mtihani huku na kuhudhuria darasa kule. Kwa mtu huyo, Ujerumani katika muhula wa Aprili hadi Julai inawezekana, na Ujerumani katika muhula wa Oktoba ni hasara ya muhula mzima. Nchi ni ileile, chuo ni kilekile, na jibu ni tofauti kabisa.

La pili ni pasipoti yako. Ushauri mwingi unaozagaa umeandikwa na watu ambao mipaka haiwasumbui. Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anayekwenda kusoma nchi jirani ndani ya umoja huo hahitaji viza. Mwenzake anayekalia kiti cha pembeni darasani, kwa pasipoti nyingine, alianza kutafuta miadi ya ubalozi miezi mingi kabla. Viza fupi ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yake, humruhusu mtu kukaa siku 90 katika kila siku 180, na muhula wa kawaida hupita hapo, kwa hiyo inatakiwa viza ya muda mrefu ya nchi husika, yenye masharti yake. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya masomo: viza haiombwi bila barua ya kupokelewa, barua haiji bila chuo chako kukuteua, na uteuzi una tarehe yake ya mwisho. Mara nyingi hesabu hiyo inaishia mwaka mzima kabla ya safari.

Lugha inastahili maneno zaidi, kwa sababu inaogopwa mahali pasipostahili na kudharauliwa mahali panapostahili. Si kweli kwamba huwezi kwenda Uholanzi au Sweden bila lugha yao, kwani vyuo vyao vina kozi nyingi kwa Kiingereza. Ni kweli, kwa upande mwingine, kwamba kufuata mihadhara ya kawaida kwa lugha ya nchi hudai kiwango cha juu. Vyuo vingi vya Ulaya hutaja B2, ambayo ni ngazi ya nne kati ya sita katika kipimo cha lugha cha Ulaya. Kati ya hizo mbili kuna eneo ambalo halionekani katika maelezo ya kozi: mkataba wa chumba, barua ya benki, tangazo la treni iliyochelewa, daktari anayeuliza maumivu yako wapi. Mtu anayesoma kwa Kiingereza katika nchi isiyoongea Kiingereza anaishi katika lugha mbili kwa siku moja. Binafsi naamini kwamba miezi minne au sita ya kujifunza lugha ya nchi kabla ya kuondoka, hata kwa kiwango cha kununua mkate na kuuliza njia, hubadilisha safari kuliko jambo lingine lolote unaloweza kulifanya bila kuwa na fedha nyingi. Na kama lengo lako kuu ni lugha yenyewe, nenda mwaka mzima ukiweza. Katika muhula mmoja masikio huanza kufunguka wakati mitihani inapokaribia.

Kisha kuna namna ya kufundisha. Kuna vyuo ambavyo alama yote ya kozi hutegemea mtihani mmoja wa mwisho, na hakuna zoezi la kukuonya njiani kwamba umepotea. Italia mitihani ya ana kwa ana ni ya kawaida: unaketi mbele ya mwalimu na kujibu kwa mdomo. Anayejijua kuwa hufanya vizuri kwa kazi nyingi ndogondogo asishangae kuyumba katika mfumo wa mtihani mmoja, na aulize mapema.

Orodha za vyuo bora duniani zina matumizi yake, ila kwa uamuzi huu ni matumizi madogo. Zile zinazonukuliwa zaidi hupima kwa sehemu kubwa utafiti na sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma. Haziwezi kukuambia kama kozi ya mwaka wa tatu unayoihitaji iko wazi kwa wanafunzi wageni, wala kama kuna bweni. Kuhusu bweni sina mashaka: kati ya chuo maarufu katika jiji ambalo chumba hutafutwa kwa miezi, na chuo cha wastani katika mji mdogo kinachokuhakikishia chumba kwa barua, mwanafunzi anayekwenda kwa muhula mmoja atasoma zaidi katika cha pili.

Mwenye ugonjwa wa kudumu au dawa za kila siku ana swali lake la pekee, na asione haya kuliweka mbele ya mengine yote. Sheria za dawa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Japani, kwa mfano, haziruhusiwi kuingizwa dawa zenye amfetamini, ambazo katika baadhi ya nchi madaktari huwaandikia watu wenye matatizo ya umakini, na cheti cha daktari hakibadilishi hilo. Katazo kama hilo linatosha kuiondoa nchi katika orodha, au kumpeleka mtu kwa daktari wake kujadili njia nyingine kabla ya kujaza fomu yoyote.

Na kama jibu ni kubaki

Husemwa mara kwa mara kwamba waliosoma ng'ambo huhitimu kwa wingi zaidi na hupata kazi mapema. Maelezo ya aina hii yapokelewe kwa uangalifu. Vyuo vingi huwachagua wa kwenda kwa kutazama alama zao, na wanaoweza kulipia tiketi na amana huwa na hali nafuu tangu mwanzo. Watu waliokuwa wakielekea kufanya vizuri wakifanya vizuri baada ya safari, haifai kuisifu safari kwa yote. Faida zipo, nami naziamini: kuwa mgeni, kueleweka kwa nusu, na kujifunza kwamba namna ya kwenu ni mojawapo tu kati ya nyingi. Lakini faida hizo hazimpi mtu yeyote sababu ya kuingia katika deni asiloweza kulibeba.

Zipo hali ambazo kubaki ndilo jibu sahihi. Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari ambaye mafunzo yake ya hospitalini hufuata ratiba ya bodi ya taaluma mara nyingi hana muhula wa kuachia. Mwenye mzazi mgonjwa anayemtegemea ameshajua jibu lake. Aliyepewa nafasi adimu ya kufanya utafiti na mwalimu wake anaweza kupata humo zaidi ya anachokifuata mbali. Kwa wote hao mlango haujafungwa, kwa kuwa kuna nafasi nyingi baada ya shahada ya kwanza, na baadhi yake zina ufadhili mnono kuliko ule wa muhula mmoja. Mpango wa Fulbright wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1946, na shirika la DAAD la Ujerumani hufadhili masomo ya uzamili ya watu kutoka nchi nyingi. Shahada za pamoja za Erasmus Mundus humpeleka mwanafunzi katika nchi mbili au zaidi ndani ya shahada moja. Anayemaliza shahada yake vizuri nyumbani anajijengea sifa za kuomba hizo.

Kwa anayekwenda, iko tahadhari moja ya mwisho inayohusu kurudi. Nakala ya matokeo husafiri kwa mwendo wake. Walimu husahihisha, ofisi ya mitihani huthibitisha, karatasi hutumwa, ofisi ya nyumbani hubadilisha alama, na inawezekana miezi ikapita kabla ya kozi ya mwisho kuonekana katika rekodi yako. Aliyesafiri mwaka wa tatu hahisi kuchelewa huko. Aliyesafiri muhula wa mwisho wa shahada anaweza kujikuta amefaulu kila kitu na bado jina lake halimo katika orodha ya wahitimu. Kwa hiyo muhula wa mwisho uepukwe kila inapowezekana, na muhtasari wa kila kozi, kazi zilizosahihishwa na kila barua pepe iliyoidhinisha badiliko vihifadhiwe pamoja, hadi siku utakapoziona krediti zako katika rekodi ya nyumbani, zikiwa upande ule wa karatasi ambako mliahidiana zitakuwa.